Nimepata nafasi ya kusomea ubobezi wa saratani za watoto. Nikimaliza nirudi Tanga kufanya nini?

Msafiri wa Segera (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatutagombana.

Mimi ni daktari wa watoto, kazi yangu iko hapa hapa Tanga. Nimepita njia wanayopita wengi: miaka mitano ya udaktari, mmoja wa mafunzo kwa vitendo, nikatupwa wilayani kutibu kila kilichopita mlangoni, kisha mitatu ya ubingwa wa watoto. Mwezi uliopita nimepata nafasi ya kusomea ubobezi wa magonjwa ya damu na saratani za watoto. Ni miaka miwili mingine, ukiwa na bahati. Nina miaka 38, mke, watoto wawili, na mkopo benki ambao nikiutaja tu naona kizunguzungu.

Siulizi kama nisome. Nauliza nikimaliza narudi hapa kufanya nini. Mtoto akigundulika kansa hapa kwetu tunamwandikia rufaa, Muhimbili kule Dar au KCMC kule Moshi, mzazi anakwenda zake stendi ya Kange, sisi tumemaliza. Nikirudi na cheti changu cha ubobezi nitakuwa mwandishi wa barua za rufaa mwenye elimu kubwa kuliko wote mkoani.

Niwape kisa kinachonisukuma. Nikiwa kwenye mafunzo, hospitali siitaji, tuliletewa mtoto wa miaka minne, mtu wa mwambao. Mama yake alikuwa anamwogesha kwenye beseni, akapapasa ubavu wa kushoto akakuta kitu kigumu kama embe dodo bichi. Bibi akasema bandama hiyo. Akapelekwa kwa fundi, akachanjwa chale tatu tatu tumboni zikapakwa masizi. Zahanati wakapima malaria wakampa mseto. Miezi miwili ikapita hivyo.

Alipofika kwetu, siku ile ya kwanza tulimminya tumbo watu saba. Mimi, wenzangu, wanafunzi, kila mmoja anataka na yeye "ausikie" huo uvimbe. Mtoto analia, mama anatutazama tu. Jioni akapita daktari bobezi wa saratani za watoto, akatukuta. Hakufoka. Aliomba karatasi na kalamu nene, akaandika USIMINYE TUMBO, akaibandika kwa plasta juu ya kitanda. Ndipo akatueleza: huu ni uvimbe wa figo, unaitwa Wilms, ganda lake jembamba. Mkiupasua kwa vidole vyenu, mbegu zinamwagika tumboni na ugonjwa umepanda hatua hapo hapo, kwa mikono ya madaktari.

Miaka yote ile shuleni. Kama niliwahi kufundishwa, basi iliingia sikio hili ikatokea lile. Na hiyo ni moja ya kansa zinazopona vizuri mno; nchi tajiri watoto tisa kati ya kumi wanapona.

Nisaidieni mawazo. Matusi wekeni pembeni.

Ngalawa

Natia nanga hapa.

Mchuma Ndimu

Dokta mimi sikufichi. Kasome, ukimaliza panda ndege. Uarabuni huko bobezi analipwa mpaka anasahau jina la mtaa wake. Kumsomesha mtu kansa halafu umrudishe mahali ambapo dawa ya kansa hakuna ni kumpa dereva leseni ya basi kisha umkabidhi baiskeli. Na Tanga baiskeli tunazo za kutosha.

Sista wa Zamani

Mwanangu Msafiri, hongera. Mimi ni muuguzi mstaafu, nipo Makorora nafuga kuku. Nilianza na watoto wa kansa pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, walipokuwa bado wanalazwa kule pamoja na watu wazima, kabla hawajahamishiwa Muhimbili. Kwa hiyo nikisema jambo, nimelishika kwa mikono hii.

Kosa mnalofanya nyote mnaozungumzia ubobezi ni kudhani ni wa daktari. Kemo, yaani hizo dawa za kansa, haitoi daktari, anatoa sista, saa nane ya usiku, taa inawaka inazima.

Mnalijua lile ua la zambarau na jeupe, majani yanang'aa, linaota kwenye mchanga makaburini na nje ya nyumba za watu Raskazone? Asili yake Madagaska. Ndani ya ua lile ndimo inamotoka vinkristini, dawa iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1963 na mpaka leo huwezi kutibu leukemia, kansa ya damu, ya watoto bila hiyo. Dawa njema kabisa. Lakini ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama, nimeona mkono wa mtoto ulivyogeuka. Na mtoto wa leukemia ana dawa nyingine inayochomwa kwenye uti wa mgongo, mara nyingine siku hiyo hiyo. Mtu akichanganya mabomba, vinkristini ikaenda mgongoni, mtoto huyo haponi. Imetokea nchi kubwa kubwa, siyo kwetu tu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 lilitoa angalizo dawa ile itiwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isikae kwenye bomba la sindano, maana mfuko hakuna atakayejaribu kuuchoma mgongoni. Sisi wodini sheria yetu ilikuwa moja: chumba kinachochomwa mgongo, vinkristini haivuki kizingiti.

Sasa weye nenda kasome, urudi na akili zote hizo, halafu umkabidhi dozi binti aliyemaliza chuo mwezi jana ambaye hajapata kuiona dawa hiyo. Hapo umeleta hatari mjini, hujaleta tiba.

Ushauri wangu: usiende peke yako. Ukubali nafasi, lakini waambie unataka muuguzi mmoja na mfamasia mmoja wa hapa waje nao wakakae wodini, hata miezi mitatu. Dozi za watoto wale zinapigwa hesabu kwa ukubwa wa mwili, kwa mita za mraba, siyo kwa kijiko. Mfamasia asiyejua hilo atakuua wewe kwa presha kabla ya mgonjwa.

Ngalawa

Dah. Yale maua yapo mlangoni kwangu na nilikuwa nataka kuyang'oa.

Sista wa Zamani

Yaache. Ila usiyachemshe ukanywa, maana nawajua.

Mama wa Barabara ya 14

Naomba nichangie kama mzazi. Mwanangu wa pili alipata leukemia akiwa na miaka mitano. Leo yuko darasa la saba, mkorofi, alhamdulillah.

Watu wanadhani matibabu ya kansa ni kwenda Dar mara moja ukarudi. Yetu ilikuwa zaidi ya miaka miwili. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kulazwa, dripu, nywele zinatoka. Tiba yenyewe Muhimbili hawakunitoza. Kilichonimaliza ni nauli, chakula, na hawa wengine niliowaacha kwa dada yangu. Baadaye inakuja ile ya vidonge: kimoja kila siku, vingine mara moja kwa wiki, na kliniki. Kwa kliniki ya nusu saa nilikuwa nalala njiani. Kilomita zaidi ya 300 kwenda, na 300 kurudi, mtoto anatapikia mfuko wa malboro kuanzia Chalinze.

Sasa sikilizeni hili. Dawa zile, hasa prednisoloni, zinamfanya mtoto anenepe mashavu. Mkwe wangu alipomwona alivyotuna akasema mtoto ameshapona huyu, mnapoteza pesa, msirudi tena Dar. Na mume wangu akaanza kukubaliana naye! Wodini nilikuwa na mwenzangu kutoka upande wa Handeni, yeye alisikiliza ya nyumbani, hakurudi. Mwaka uliofuata nikasikia.

La pili. Tulipokuwa kwenye vidonge, usiku mmoja mtoto akapata homa. Dar walishatuambia, mtoto wa kemo akifika 38 ni dharura, kinga yake iko chini, anatakiwa antibayotiki ya mshipani ndani ya saa moja. Nikambeba kwenye pikipiki mpaka hospitali moja, siitaji. Nikaambiwa mama kaa foleni, ni homa tu, mpe panado tukipata majibu ya malaria tutaona. Nikakaa. Alfajiri mtoto amelegea, mikono ya baridi. Aliyeniokoa ni daktari wa zamu ya asubuhi, alisoma kile kidaftari cha Dar akakimbia yeye mwenyewe kuchukua dawa.

Kwa hiyo Daktari ukiuliza urudi kufanya nini, mimi sikuombi mashine. Usiku ule nilitaka mtu mmoja tu Tanga hii anayejua ugonjwa wa mwanangu, apokee simu.

Msafiri wa Segera

Mama wa Barabara ya 14, nimesoma mara mbili. Nitarudi kwako.

Mchuma Ndimu, wewe ngoja nikupe historia kidogo, maana hoja yako ya ndege si ya jana.

Mwaka 1958 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wanavimba mataya, meno yanalegea, wanakufa haraka. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari wakazunguka Afrika Mashariki mpaka kusini, kama maili 10,000, wakiingia hospitali za misheni na za serikali kuuliza: mmewaona watoto wa namna hii? Wakagundua uvimbe ule unafuata nchi zenye joto na mvua nyingi, tambarare, njia ile ile ya malaria. Mwambao wetu umo. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt, kansa ya tezi, na ni kati ya kansa za mwanzo kabisa duniani kuonekana zikipona kwa dawa peke yake.

Mwaka 1967 Makerere na taasisi ya kansa ya Marekani wakafungua kituo pale Mulago. Wamarekani wakawa wanatibu na kuandika. Akaja Idi Amin, wageni wakafungasha. Kituo kilitakiwa kife. Hakikufa, sababu alikuwepo Mganda aliyefundishwa pale, Charles Olweny, akakishika mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kukivusha miaka ile mibaya. Kituo kile ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dawa zilikuwa zinakwisha, mashine zinaharibika. Kilichobaki ni mtu aliyejua kazi na hakuwa na pengine pa kukimbilia, au alikuwa napo akakataa, sijui kipi kizito zaidi.

Na tangu 2016 Makerere wanafundisha ubobezi huu kwa miaka miwili, kwa ushirikiano na hospitali ya watoto ya Texas, wanachukua na madaktari wa nje ya Uganda. MUHAS, chuo kikuu cha Muhimbili, nao wanafundisha hapa kwetu. Nilipoanza udaktari hayo hayakuwepo, ukitaka kansa za watoto ulikuwa unatazama nje ya eneo letu hili. Kwa hiyo njia imeshakuwa fupi, tusijifanye tuko pale pale.

Mchuma Ndimu

Historia tamu. Ila mbona wakubwa wote wakiumwa hawaendi Mulago? Kama unasoma, kasome Ulaya au India, uone mashine. Cheti cha jirani utakionyesha wapi?

Fomalini

Mchuma Ndimu hapo umeteleza, mkuu. Mimi niko maabara, naomba nikujibu.

Ukisomea Ulaya utajifunza kutibu mtoto aliyeletwa mapema, uboho wake umeshasomwa na mashine inayotaja kila chembe kwa jina, chumba chake hewa yake inachujwa. Burkitt utaiona mara moja moja. Ukija huku mtoto wako wa kwanza ana utapiamlo, malaria, uvimbe wa kilo mbili na hana majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kinachokatwa kupimwa. Ukimpa dozi ya kitabu cha Ulaya unamuua kwa dawa kabla kansa haijamuua. Kupunguza dozi bila kupoteza uponyaji, hiyo ndiyo elimu yenyewe, na haifundishwi mahali ambapo hawana mtoto wa namna hiyo. Cape Town wana mpango wa kuwachukua madaktari wa watoto wa Afrika, kwa makubaliano kwamba kituo kilichomtuma ndicho kinachompokea. Guatemala wana hospitali ya kansa za watoto tangu 2000, wanafundisha madaktari wa majirani zao. Wenzetu wenye shida kama zetu waliona hivyo, hawakuwa wajinga.

Ila Dokta na wewe usilewe sifa. Bobezi bila patholojia, yaani maabara ya kusoma vinyama, ni kipofu mwenye fimbo nzuri. Nimewahi kupokea kinyama cha mtoto, jina la kituo kilichotuma nalihifadhi, kinyama kiko kwenye chupa ya jamu, kinaelea kwenye maji ya chumvi badala ya fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze. Safari siku tatu. Nilipofungua kifuniko dirisha zima tulifungua. Hapo hakuna cha kusoma, nyama imeoza. Mtoto akarudishwa kukatwa tena. Aliyekata alikuwa daktari mzuri tu wa upasuaji, hakuna aliyemwambia: fomalini, mara kumi ya ujazo wa kinyama, chupa ya mdomo mpana, jina juu ya chupa na siyo juu ya kifuniko. Vifuniko vinabadilishana.

Ngalawa

Chupa ya jamu jamani.

Kaka wa Mombo

Swali dogo. Kwa sisi wa milimani, Lushoto mpaka Mombo, wengi wetu tunapanda kwenda Moshi, si Dar. Huyo bobezi wa Tanga mjini atatusaidia nini? Au ndiyo yale ya kila kitu kujengwa mjini?

Msafiri wa Segera

Kaka wa Mombo, swali halali. Nadhani mtaendelea kwenda Moshi kwa ile miezi ya mwanzo, na wa mjini wataendelea kwenda Dar. Sina ndoto ya kufungua wodi ya kemo nzito hapa kesho. Baada ya kusoma michango humu, kazi ninayoiona ni nyingine: mtoto aanzie kituo kikubwa, kisha ile miaka ya vidonge aimalizie nyumbani. Damu apime huku, homa itibiwe huku, kliniki moja kati ya tatu ndiyo asafiri. Mkwe wa Mama wa Barabara ya 14 asingekuwa na hoja ya nauli.

Hilo la vidonge watu wanalidharau lakini ndilo linalotuua. Duniani watoto na vijana kama 400,000 wanapata kansa kila mwaka. Nchi tajiri zaidi ya 80 kwa mia wanapona, nchi maskini inakadiriwa chini ya 30. Dawa kuu ni zile zile, nyingi zina umri kuliko mimi. Pengo linatokana na aliyechelewa kugundulika, aliyeambiwa ni kitu kingine, aliyeuawa na homa, na yule wa Handeni ambaye hakurudi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo la angalau 60 kwa mia kufikia 2030. Mimi nikienda sasa nitamaliza 2030 iko mlangoni. Sitaifikisha Tanga 60 kwa mia peke yangu, najua.

Mchuma Ndimu

Bado nasema kapige hela. Lakini sawa, kama umeamua kuwa mtakatifu, walau hakikisha umeandikishana na mwajiri kwamba unarudi Tanga. Binamu yangu alisomea mambo ya macho, aliporudi akapangiwa ofisi, anasaini fomu za mafuta ya magari.

Sista wa Zamani

Hapo Mchuma Ndimu umesema la maana, kwa mara ya kwanza.

Msafiri wa Segera

Nimeandika barua leo, Sista. Nimeomba mambo mawili: nirudishwe Tanga kwa maandishi, na wauguzi wawili wa wodi ya watoto waje wakae nami miezi mitatu ya mwisho wa mafunzo. La mfamasia nimeambiwa kwa mdomo tu kwamba "litaangaliwa", na nyote mnajua maana ya litaangaliwa. Mke wangu ameusoma uzi huu wote. Amesema niende, ila mkopo niulipe kwanza hata nusu. Kwa hiyo Mchuma Ndimu ana mwenzake nyumbani kwangu.

Tabibu wa Bondeni

Habari za usiku wakuu. Nimechelewa, mtandao huku unapatikana nikipanda kwenye kichuguu nyuma ya zahanati, sitanii. Mimi ni tabibu, niko peke yangu na muuguzi mmoja na mhudumu. Nimesoma kile kisa cha tumbo na chale, nikakumbuka sura za watoto wawili niliowapa mseto. Sijui waliishia wapi.

Dokta, kabla hujaenda kusoma, naomba maneno kama yale aliyoyabandika yule bobezi kitandani. Nibandike mimi ukutani kwangu. Yawe mafupi, nayasoma kwa tochi.

Msafiri wa Segera

Tabibu, andika hivi kwa herufi kubwa.

UVIMBE TUMBONI: gusa mara moja, usiminye tena, mpeleke leo. MBONI INANG'AA NYEUPE kwenye picha ya simu, au jicho limeanza kwenda kombo: usimpe matone, mpeleke. TAYA LINAVIMBA, meno yanalegea na hayajaoza: usimng'oe, mpeleke. HOMA HAIISHI, malaria hakuna, kapauka, ana michubuko na hakuanguka: apimwe damu yote, siyo malaria peke yake. KICHWA KINAUMA ASUBUHI na kutapika, kutembea kunayumba: mpeleke.

Na wale wawili usijitese usiku huu. Kama vijiji unavikumbuka, kesho mtume mhudumu wa afya wa jamii akaulize.

Tabibu wa Bondeni

Printa haina wino, nimeandika kwa mkono nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Kijiji cha mmoja nakikumbuka, ni cha ng'ambo ya mto, nitakwenda mwenyewe. Chini ya karatasi pamebaki nafasi. Niandike simu yako ile uliyonitumia pembeni?

Msafiri wa Segera

Iandike. Hata usiku.